Mkupuo umeingia, miezi minne imepita, milioni tisa hazionekani

*"Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana nikiwa na miaka 60, baada ya miaka 35 kazini. Mshahara wangu kwa miaka mitatu ya mwisho ulikuwa 1,200,000. PSSSF wamenilipa mkupuo wa milioni 52 na laki moja, na pensheni ni 521,000 kwa mwezi. Mkopo wa benki niliokuwa nakatwa 260,000 uliisha mwezi mmoja kabla sijastaafu. Tumepanga hapa Morogoro kwa 120,000 kwa mwezi, na nina boma Mkundi limefika kwenye linta. Fundi anasema milioni 9 zinatosha kuhamia, milioni 17 kumaliza kabisa. Binti yangu yuko chuo, amebakiza miaka miwili, ada 1,500,000 kwa mwaka. Tunaishi na wajukuu wawili. Mke wangu ana genge. Mdogo wangu ananishauri tununue kosta iliyotumika kwa milioni 35, na kijana wangu mkubwa anaomba milioni 8 za mtaji wa duka la spea. Sasa ni mwezi wa nne tangu fedha ziingie, na milioni 9 zimeshakatika bila mimi kununua kitu cha maana. Pensheni haitoshi, na naona aibu kusema. Nianze wapi?"*

Shikamoo Mwalimu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kosta na ya kijana tutayafikia, lakini kwanza niseme juu ya aibu. Nimekaa mezani na wastaafu wengi, na wengi wao hufika kwangu mwaka wa tatu, pesa imeisha, kiwanja kimeuzwa, na mke na mume hawasemezani. Wewe umeshtuka mwezi wa nne, na mkononi una milioni 43. Hiyo ni hali inayorekebishika vizuri kabisa, na hesabu yake nitakuonyesha hapa hapa ili uikague mwenyewe. Wewe ni mwalimu, hesabu huziogopi.

Barua yako ina mambo mawili ambayo karibu kila mstaafu huyaelewa kombo, na ndiyo yanayokunyima usingizi. La kwanza ni hiyo milioni 52 yenyewe. Wewe, mdogo wako na kijana wako mnaiita mtaji. Hebu tuifungue tuone imetoka wapi.

Kikokotoo, yaani kanuni ya mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinafanya hivi: wanachukua miezi yako ya utumishi, 420, wanaigawa kwa 580, kisha wanazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, yaani 14,400,000. Unapata pensheni kamili ya mwaka ya kama 10,427,000, ambayo kwa mwezi ni 869,000 hivi. Hiyo ndiyo pensheni yako halisi, Mwalimu. Lakini hulipwi yote kila mwezi. Asilimia 60 inabaki kuwa pensheni ya mwezi, ndiyo 521,000 yako. Asilimia 40 iliyobaki inazidishwa mara 12.5 na unapewa kwa mkupuo. (Kanuni za 2022 ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33, kwa kundi lenu walimu ukapandishwa hadi 40 mwaka 2024, baada ya kelele ambazo naamini nawe ulichangia kidogo.)

Sasa itazame hiyo 12.5. Ni miaka. Miaka 12 na nusu ni miezi 150. Asilimia 40 ya pensheni yako kamili ni kama 347,600 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 150, unapata milioni 52 na laki moja, ileile iliyoingia benki. Kwa maneno mengine, hakuna aliyekuzawadia milioni 52. Umelipwa mapema sehemu ya pensheni ya miaka 12 na nusu, kwa siku moja, na baada ya hapo sehemu hiyo hailipwi tena. Kila 347,600 unayoitoa humo ni mwezi mmoja wa uzee wako. Milioni 9 ni miezi 26. Ndani ya miezi minne mmekula miezi 26.

Siandiki hivi kukukaripia. Naandika kwa sababu mtu akishaiona pesa hii kama mshahara uliotangulia, hata sauti yake hubadilika anapojibu simu ya ndugu.

Jambo la pili ni hilo la kwamba kipato kimeshuka kutoka 1,200,000 hadi 521,000. Si kweli, na ushahidi uko kwenye salari slipu yako ya zamani. Katika 1,200,000 ulikatwa asilimia 5 ya mfuko, asilimia 3 ya bima ya afya, kodi ya mapato ya kama 170,000, na asilimia 2 ya chama kama ulikuwa mwanachama. Inabaki 910,000 hivi. Toa mkopo wa 260,000. Ulikuwa unakwenda nyumbani na 650,000. Kwa hiyo shimo lililopo kati ya maisha yako ya jana na ya leo ni kama 129,000 kwa mwezi, si laki sita na themanini. Sisemi 129,000 ni kidogo. Ila shimo la ukubwa huo linazibika, na nadhani umeshaona ni namba gani nyingine kwenye barua yako inalingana nalo.

Ni kodi ya nyumba.

Kabla ya kufika Mkundi, turudi kwenye milioni 9 zilizokatika. Najua huwezi kusema zimekwenda wapi, na wala si kwa sababu ya uzembe. Mwaka juzi nilikaa na mzee mmoja na mkewe, naye alikuwa mtumishi wa halmashauri, swali lake likiwa hilohilo. Tulichukua daftari la kurasa 96, tukachora mistari, tukaanza kusoma meseji za simu moja baada ya nyingine: yeye anasoma, mama anaandika, mimi najumlisha. Mzee alikuwa na hakika kwamba harusi ya mtoto wa kaka yake ndiyo iliyommaliza. Harusi ilitoka 300,000. Kilichommaliza ni miamala ya elfu ishirini, thelathini na hamsini, mingi kiasi kwamba mama aligeuza ukurasa mara tatu. Na karibu kila mmoja ulikuwa na mkia wake: "tuma na ya kutolea". Makato ya kutuma, pesa ya kutolea, na siku mbili baadaye mtu yuleyule tena. Tulipojumlisha, mzee alivua miwani akakaa kimya. Mama ndiye aliyesema, "Kumbe ulikuwa unalipa mshahara watu tisa."

Fanyeni zoezi hilo wewe na mama, jioni moja, kwa meseji za miezi hii minne. Msilaumiane wakati wa kuandika. Mkimaliza mtaona mambo mawili: nani anapokea mara nyingi, na pesa inatoka siku zipi. Nina hakika ya kiasi fulani kwamba inatoka kwa sababu mkupuo na pensheni vinakaa akaunti moja, na akaunti hiyo imeunganishwa na simu iliyo mfukoni mwako. Mtu akikupigia analia, pesa iko umbali wa tarakimu nne za siri. Zamani angepiga simu, ungesema "subiri mshahara", na ungekuwa unasema kweli.

Kwa hiyo tenganisha wiki hii. Akaunti ya pensheni ibaki kwenye simu. Mkupuo uhamie akaunti ya pamoja ya wewe na mama, ya saini mbili, isiyo na huduma ya simu wala kadi. Ndugu akiomba, utasema "pesa iko benki, inataka saini ya mama", nayo itakuwa kweli tupu. Halafu kila mwezi tengeni fungu la michango na misaada, tuseme 40,000. Likiisha tarehe 12, limeisha. Unachanga kama kawaida ila unachanga kama mstaafu. Ukweni hawatakufukuza kwa kadi ya 20,000. Pia hata Bodi ya Bima ya Amana, benki ikianguka, inafidia hadi milioni 7 na nusu kwa mwenye akaunti, kwa hiyo milioni 43 hazina sababu ya kulala sehemu moja muda mrefu zikisubiri ushauri.

Sasa Mkundi. Watu wa fani yangu wengi watakwambia usijenge kwa mkupuo, nami kwa kawaida huwa nasema hivyo: nyumba hula bila kushiba, na mstaafu anayejenga ghorofa kwa kiinua mgongo huishia kuuza mbuzi anunue rangi. Kwako nasema tofauti, kwa sababu unalipa kodi. Ukitumia milioni 9 ukahama, unaokoa 120,000 kila mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Hiyo ni faida ya asilimia 16 kwa mwaka, haina dalali, haina mpangaji msumbufu, na kodi ya Morogoro ikipanda wewe inakupita pembeni. Sijui biashara ya mstaafu inayokupa hivyo bila kukutoa jasho.

Ila uhame kwa ile milioni 9, usimalize kwa ile 17. Bati, milango, nondo za madirisha, choo na shimo lake, plasta ya vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji. Jipsamu, vigae na uzio vitasubiri. Wengi wetu tulihamia na vumbi. Nunua vifaa mwenyewe kwa awamu, mlipe fundi kwa kazi iliyokamilika badala ya siku, na tenga milioni moja zaidi, maana sijawahi kuona hesabu ya fundi isiyofumuka. Kabla ya kumwaga hata mfuko mmoja wa saruji, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na karatasi zako, uhakikishe kiwanja kimepimwa na kinasomeka kwa jina lako. Mkataba wa kuuziana uliosainiwa kwa mwenyekiti wa mtaa pekee si hati. Na ukishahamia, ulizia msamaha wa kodi ya jengo: mwenye miaka 60 na kuendelea anaweza kuuomba kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Wazee wengi wanaendelea kukatwa kupitia LUKU kwa sababu tu hawakwenda kuomba.

Tumetoa milioni 10, zimebaki 33. Ada ya binti ni milioni 3 kwa miaka miwili. Iweke pembeni kabisa leo na usiihesabu tena. (Aombe pia mkopo wa elimu ya juu kama ana sifa, hata kama mwaka wa kwanza alikosa.) Milioni 4 ziwe za dharura: ugonjwa, msiba, paa kuvuja. Hizi zinataka mahali zinapokua kidogo na kutoka haraka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo, kwani pesa hutoka ndani ya siku chache za kazi, na siku hizo chache ni kinga nzuri dhidi ya machozi ya kwenye simu.

Zinabaki milioni 26. Hapa kuna njia kama nne, nami sitajifanya zote ni sawa.

Kosta kwanza, kwa kuwa najua ndiyo inayojadiliwa sebuleni kwenu. Mdogo wako lazima amekupigia hesabu ya kila siku: tuseme 80,000, mara siku 26, zaidi ya milioni mbili kwa mwezi. Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha. Kasoro yake ni vitu visivyoandikwa. Tairi, oili, bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA, faini, siku gari liko gereji, siku dereva anampa deiwaka usukani na jioni unaletewa nusu. Na kilicho kikubwa kuliko vyote hakimwombi mtu pesa, kwa hiyo hakionekani: uchakavu. Kosta ya milioni 35 ikiuzwa baada ya miaka mitano kwa milioni 15, umepoteza milioni 20, sawa na 333,000 kila mwezi kwa miezi 60, juu ya gharama nyingine zote. Mtu wa miaka 35 aliyekulia stendi, anayejua mlio wa injini na anayeweza kuamka saa kumi alfajiri kumfuata dereva, anaweza kutoka salama. Wewe unaingia shule hiyo ukiwa na miaka 60 na ada ni uzee wako wote. Injini ikifa mwezi wa nane, utakopa kuifufua. Kosta hapana, Mwalimu, na hapa sina namna ya kulainisha.

Amana ya muda maalumu ya benki, yaani kuifungia pesa benki kwa muda mliokubaliana, ni salama na inaeleweka, ila riba yake mara nyingi iko chini ya hatifungani za serikali na inataka kujadiliwa upya kila inapoiva. Ufugaji wa kuku wa kienyeji nauunga mkono kama mboga na mayai ya wajukuu. Kuku kumi waliochanjwa mdondo wanakulipa. Kuku mia tano wa mayai ni ajira nyingine, na bei ya chakula cha kuku huipangi wewe.

Njia inayobaki, nami ningeipa milioni 25, ni hatifungani za serikali. Wazo ni jepesi: unaikopesha serikali, inakulipa riba kila miezi sita, na muda ukiisha inarudisha pesa yako. Zipo za miaka 2 hadi 25, zinauzwa kwa mnada wa Benki Kuu, na kiwango cha chini ni milioni moja. Unapitia benki yako au dalali mwenye leseni wa soko la hisa, wanakufungulia akaunti ya hatifungani. Miaka ya karibuni zile za miaka 20 na 25 zimetolewa kwa riba ya kati ya asilimia 12 na karibu 16 kulingana na wakati. Tuchukue 12 ili tusijidanganye. Milioni 25 zinakupa milioni 3 kwa mwaka.

Usinunue zote siku moja. Nunua nusu kwenye mnada mmoja, na nusu kwenye mwingine miezi mitatu baadaye. Kwa kuwa kila moja inalipa mara mbili kwa mwaka, utakuwa unapokea 750,000 kila baada ya miezi mitatu. Katika kila 750,000, chukua 500,000 utumie, na 250,000 irudishe kwenye mfuko. Usiniulize kwa nini usile zote mpaka uone hesabu hii: bei zikipanda asilimia 4 tu kwa mwaka, kwa miaka 18 zinakuwa mara mbili. Ukiwa na miaka 78, hiyo 521,000 itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na laki mbili na nusu. Serikali huongeza pensheni mara mojamoja, ila huwezi kupangia chakula kitu ambacho hujui tarehe yake. Hiyo 250,000 unayorudisha ndiyo nyongeza yako ya baadaye.

Ubaya wa hatifungani pia usikie. Ukiitaka pesa kabla ya muda, unaiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, na inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Ndiyo maana tuliweka zile milioni 4 pembeni kwanza. Na usiogope kwamba miaka 25 ni mingi kwa umri wako. Hatifungani inarithiwa kama nyumba inavyorithiwa.

Tujumlishe. Pensheni 521,000, na riba ya kutumia kama 167,000 kwa mwezi: 688,000, bila kodi ya nyumba. Ulipokuwa kazini ulibeba 650,000 na ukilipa kodi.

Imebaki milioni moja. Mpe kijana, au mwongezee mama kwenye genge. Mimi ningempa mama, ana rekodi. Kuhusu milioni 8 za duka la spea, ukimpa unampa miezi 23 ya uzee wenu, halafu duka likilegea atarudi kukuomba chakula wakati huo huo na wewe huna. Mwambie hivyohivyo, kwa upole, ukiwa na daftari mkononi. Kama biashara yake ina kichwa na miguu, SACCOS au benki itamkopesha kwa jina lake. Usimdhamini kwa pensheni yako wala kwa nyumba ya Mkundi.

Nigusie mikopo kidogo, kwa kuwa wastaafu sasa wanafuatwa kama mwanakondoo. Kama itakulazimu kukopa, uliza jambo moja kabla ya kiwango cha riba: inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, au juu ya salio linalopungua? Milioni 6 kwa miaka mitatu kwa asilimia 17, kwa njia ya kwanza riba ni zaidi ya milioni 3. Kwa njia ya pili ni milioni 1 na laki saba hivi. Asilimia ni ileile kwenye tangazo. Kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa, hata usiikaribie. Asilimia 10 kwa mwezi ni 120 kwa mwaka. Na anayekuahidi faida ya kila wiki kwa kuleta watu wengine, kumbuka waliopanda pesa na kusubiri kuvuna kwenye DECI, ule upatu, mpaka ilipofungwa 2009. Meseji za "mafao yako ya ziada yako tayari, tuma pesa ya fomu" zipeleke kwenye namba 15040, halafu futa.

Jikoni sitakufundisha, mama anajua kuliko mimi, ila kuna mambo mawili ambayo hulipa zaidi ya kubana sukari. Moja ni mahindi. Mshahara ulipokuwa unaingia kila mwezi mlinunua unga wa kilo tano tano. Sasa una riba inayoingia kwa mafungu, itumie kununua magunia ya mwaka wakati wa mavuno, Julai hadi Agosti, kabla bei haijapanda kuelekea Februari. Adui ni dumuzi. Kausha mahindi hadi punje ilie kavu ukiitafuna, uyaweke kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Inafungwa mmoja mmoja kwa kukazwa sana, hewa inaisha, wadudu wanakosa pumzi. Hakuna dawa ya kupulizia. Msiufungue kila siku kuchungulia, na panya wasiutoboe.

La pili ni umeme. Mkihamia Mkundi, kama matumizi yenu hayazidi uniti 75 kwa mwezi, waulizeni TANESCO kama mnaweza kuwa kundi la D1, ambapo uniti ni 100, badala ya kundi la kawaida ambako ni karibu mara tatu. Kwa bei hiyo, maharage kwenye presha kuka ya umeme yanaiva kwa gharama ndogo kuliko mkaa wa kupima kwa kopo, ambao ndio mkaa ghali kuliko wote mjini.

Mambo haya mengine yanataka miguu yako, barua haitoshi. Nenda PSSSF na hati ya ajira na salari slipu za miaka mitatu ya mwisho, waombe wakuonyeshe kwa karatasi miezi waliyokuhesabia. Mimi nimetumia 420 kwa maneno yako, na nimewahi kuona miezi iliyopotea kwa sababu mwajiri mmoja alichelewesha michango. Hapohapo hakikisha majina ya mke na wategemezi yako sawa, uulize mama atalipwa nini ukitangulia wewe, na wakufundishe kujihakiki kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, maana asiyehakikiwa pensheni husimama. Pita NHIF, mfuko wa bima ya afya, uthibitishe kadi ya mstaafu, yako na ya mwenza. Wajukuu hawamo, watafutieni utaratibu wao mapema. Wosia upeleke RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Na kama baada ya zoezi la daftari utagundua kuna deni ambalo hukuniandikia, usinunue hatifungani hata moja kabla ya kuonana ana kwa ana na mtu wa fedha unayemwamini. Deni la kausha damu hulipwa kwanza, hata likila zile milioni 4.

Benki, Mwalimu, msiende asubuhi ya tarehe za mishahara, mtasimama foleni mpaka mchana. Nenda na mama, mbebe vitambulisho vya NIDA vyote viwili na picha za pasipoti, na simu yako iacheni nyumbani kwa wajukuu.